Maswali Yenu: Tyubu Inapobadilisha Majibu ya Damu

Barua nyingi za safari hii zinalalamikia kitu kimoja: majibu ya maabara yasiyofanana na mgonjwa aliyeketi mbele ya daktari. Wengi mmeilaumu mashine. Katika nyingi ya barua hizi, sampuli ilikuwa imeharibika kabla haijafika kwenye mashine, tena ikiwa ndani ya tyubu iliyokusudiwa kuihifadhi.

Kwa msomaji asiyezijua rangi: kifuniko cha zambarau kina EDTA, cha samawati kina sitreti, cha kijani kina heparini, na cha kijivu kina floraidi pamoja na oksaleti. Hizo zote huzuia damu isigande. Nyekundu haina dawa ya kuzuia kuganda. Ile ya plastiki ina unga wa silika wa kuharakisha kuganda. Manjano ni kama nyekundu, ila imeongezewa jeli ya kutenga seramu, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda, na chembe.

SWALI: Hamjambo wahariri. Mama wa miaka 52 alikuja kliniki ya presha. Majibu yalipotoka, potasiamu ilikuwa 7.9, kalsiamu 1.3 na ALP (kimeng'enya cha ini na mifupa) 14. Daktari alikuwa ameshaanza kuandika insulini na glukosi za kuishusha potasiamu, ilhali mama mwenyewe yuko kwenye benchi anapiga gumzo na kuuliza ataruhusiwa saa ngapi. Damu ilichukuliwa kwa sirinji moja, ikagawanywa kwenye zambarau na nyekundu. Tuliporudia, potasiamu ikawa 4.2. Ile ya kwanza ilitoka wapi?
Muuguzi, Kayole

JIBU: Namba hizo tatu zikija pamoja, dada, mshukiwa wa kwanza ni EDTA. EDTA ya tyubu ya zambarau ni chumvi ya potasiamu. Huzuia kuganda kwa kuikamata kalsiamu, na haichagui: magnesiamu na zinki nazo huzikamata. Kimeng'enya cha ALP hakifanyi kazi bila zinki na magnesiamu, ndiyo maana nacho kilianguka. Sodiamu na kreatinini huwa hazitikisiki, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa kuwa sehemu kubwa ya karatasi inaonekana sawa.

Kiasi chenyewe ni kidogo. Tyubu ya mililita 4 huwa na takriban miligramu 7.2 za EDTA, yaani miligramu 1.8 kwa kila mililita ya damu. Damu yote ya zambarau ikipimwa kana kwamba ni ya nyekundu, potasiamu hupita 14 na kalsiamu hukaribia sufuri, na hapo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atashtuka. Yenu ilipanda kwa kama 3.7. Kwa kupanda huko, ncha ya sirinji iliyogusa ukuta wa zambarau haitoshi kuwa maelezo. Hesabu inaelekeza kwamba takriban robo ya damu iliyopimwa ilikuwa imepitia zambarau kwanza: tyubu moja ilijaa kupita kiasi, nyingine ikapungua, mtu akasawazisha kwa kumimina. Ulizaneni kwa upole zamu nzima, maana anayemimina hujiona anaokoa damu ya mgonjwa asidungwe tena.

Kinachotutisha zaidi ni uchafuzi mdogo. Mgonjwa anayemeza furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, akiwa na potasiamu halisi ya 2.8, tone la EDTA likiingia anaweza kusomeka 3.9. Karatasi inasema mzima, naye anarudi nyumbani na potasiamu ya kumvuruga mapigo ya moyo. Hakuna namba nyekundu ya kumshtua yeyote. Ndiyo maana maabara nzuri haiangalii potasiamu peke yake: ikiwa kalsiamu imeshuka bila sababu na ALP iko chini kuliko ya mgonjwa huyohuyo wiki iliyopita, sampuli inasimamishwa na kuombwa nyingine.

Msichanganye tatizo hili na chembe kupasuka. Chembe nyekundu zikipasuka, seramu huwa ya waridi au nyekundu, potasiamu hupanda, lakini kalsiamu haianguki namna hii. Na tyubu nyekundu iliyolala kwenye friji usiku kucha kabla ya kuzungushwa huleta potasiamu ya juu ilhali seramu ni safi kabisa, kwa sababu baridi inadumaza pampu zinazoirudisha potasiamu ndani ya chembe. Hapo pia kalsiamu hubaki mahali pake.

Utaratibu wa kujaza ni huu: chupa za kuotesha vijidudu kwanza, kisha samawati, nyekundu au manjano, kijani, zambarau, na kijivu mwisho. Kwa vakyumu iliyofungwa, ambapo sindano inatoboa kifuniko bila kitu kufunguliwa, kukosea mpangilio huleta madhara mara chache kuliko watu wanavyodhani. Hatari kubwa iko kwenye sirinji. Tumieni kifaa cha kuhamishia damu. Kama hakipo, fungua kifuniko kimoja kwa wakati, jaza bila ncha kugusa ukuta wa ndani, funga kwa kifuniko kilekile, ndipo uende kwa kinachofuata. Na wakati mnasubiri sampuli ya pili, mgonjwa mwenye 7.9 apimwe umeme wa moyo hata kama anacheka. Kushuku tyubu si ruhusa ya kumpuuza mgonjwa.

SWALI: Tyubu zetu za samawati haziufikii mstari. Tumebadilisha sindano, tumebadilisha mishipa, tumebadilisha hata wachukuaji damu. Muuzaji anaapa kwamba shehena hiyohiyo ipo Mombasa na huko hawana shida. Je, tunapigwa chenga?
Fundi wa maabara, Ngong Road

JIBU: Huenda muuzaji anasema kweli. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu yake, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 81 ya lile la pwani.

Damu haivutwi na kitu kilicho ndani ya tyubu. Inasukumwa na tofauti ya shinikizo. Kiwandani hawaondoi hewa yote. Huacha kidogo, iliyopimwa ili damu inapoingia na kuibana hewa hiyo hadi ilingane na shinikizo la nje, mililita ziwe zile zilizoandikwa kwenye lebo. Shinikizo la nje likiwa dogo, hewa iliyobaki hukoma kubanwa mapema na damu husimama kabla ya mstari. Chukua mfano wa tyubu yenye nafasi ya mililita 4.5, iliyokadiriwa kuvuta 2.7 pwani. Hewa inayobaki huko ni 1.8. Hapa Nairobi hewa hiyohiyo itachukua nafasi ya takriban 2.2, na damu itaishia 2.3. Hiyo ni asilimia 85. Kamba ya mkononi huongeza shinikizo kidogo na kufidia sehemu yake, lakini Eldoret, kwenye mita 2,100, hali ni mbaya zaidi.

Kwa tyubu nyekundu, pengo hilo si kitu. Kwa samawati ni balaa, kwa sababu sitreti ni maji yaliyopimwa: sehemu 1 ya sitreti ya asilimia 3.2 kwa sehemu 9 za damu, mililita 0.3 kwa 2.7. Kipimo cha kuganda hufanywa kwa kurudisha kalsiamu kwenye plazma (maji ya damu isiyoganda) na kuhesabu sekunde. Sitreti ikizidi, inainyakua sehemu ya kalsiamu hiyo, sekunde zinarefuka, na INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, inapanda. Mgonjwa wa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aliyekuwa sawasawa kwenye 2.5 anaonekana yuko 3.4, daktari anampunguzia dozi, na damu yake halisi inabaki bila kinga dhidi ya donge. Kanuni inayotumika ni kuikataa tyubu iliyojaa chini ya asilimia 90.

Kabla ya kugombana na muuzaji, zipimeni. Chukua tyubu 10 za shehena moja na mizani inayosoma gramu hadi desimali mbili. Pima kila moja ikiwa haijatumika. Weka maji yaliyochujwa kwenye bika iliyo wazi, tumbukiza mrija wa sindano, ziache zivute hadi zikome zenyewe, kisha zipime tena. Gramu 1 ya maji ni mililita 1. Mnatafuta 2.7; zikianguka chini ya 2.43, hiyo ndiyo asilimia 90, na mna ushahidi wa kumwonyesha. Jaribio hili ni kali kidogo kuliko mshipa, kwa kuwa bika haina shinikizo la mgonjwa, kwa hiyo shehena inayofaulu hapa haitawaangusha mkononi. Mkiagiza upya, ombeni tyubu zilizotengenezwa kwa nyanda za juu. Zipo, ila lazima zitajwe kwenye oda.

Mambo mawili yanayochanganya: mrija wa sindano ya kipepeo una hewa ndani yake, na ikiwa samawati ndiyo ya kwanza, hewa hiyo huingia badala ya damu. Jaza kwanza tyubu ya kutupa, isiyo na dawa au samawati nyingine. Pili, msijaribu kamwe kuunganisha samawati mbili zilizojaa nusu ili mpate moja kamili. Damu imekuwa kamili, lakini sitreti imekuwa maradufu.

Mgonjwa mwenye damu nzito naye husumbua hata tyubu ikijaa vizuri. Hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ikipita asilimia 55, plazma ni kidogo na sitreti inaizidi. Hesabu yake: 0.00185 zidisha kwa 100 toa hematokriti, zidisha kwa mililita za damu. Kwa hematokriti ya 60 na damu ya 2.7, jibu ni 0.2. Ondoa mililita 0.1 ya sitreti kwa sindano nyembamba kupitia kifuniko, na ukumbuke vakyumu inaweza kupotea, kwa hiyo jaza kwa sirinji iliyosomwa vizuri.

SWALI: Nina kisukari. Asubuhi kabla ya chai nilijipima nyumbani nikapata 7.4. Nikaenda kutolewa damu saa moja, wakaweka kwenye chupa nyekundu, bodaboda akaifikisha mjini karibu saa tano asubuhi. Jibu likaja 5.7. Niitupe mashine yangu?
Mzee wa Umoja

JIBU: Usiitupe, mzee wetu. Mashine za nyumbani hupishana na za maabara kidogo, lakini safari hii tunaishuku zaidi ile safari ya bodaboda. Damu iliyo ndani ya tyubu bado ni hai. Chembe zinaendelea kula sukari, na kwa joto la kawaida la chumba hula takriban asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Ukianza na 7.4 na kupoteza asilimia 6 kila saa kwa saa nne, unafika 5.8. Karibu kabisa na ulichopewa. Hapo umetolewa upande wa kisukari, ambao kwa mtu aliyefunga huanzia 7.0, ukawekwa kwa wasio na tatizo, na hakuna aliyekosea kusoma.

Sampuli yako ilistahili kijivu. Floraidi iliyomo, takriban miligramu 2.5 kwa mililita, husimamisha kimeng'enya kimoja mwishoni mwa njia ya kuvunja sukari. Tatizo ni hilo neno "mwishoni": vimeng'enya vya mwanzo vinaendelea kwa muda, na sukari hushuka kwa saa moja hadi mbili za kwanza, wakati mwingine zaidi, ndipo inatulia. Kijivu si friji. Kilicho bora ni tyubu iwekwe kwenye barafu iliyochanganywa na maji mara tu inapojaa na plazma itengwe ndani ya nusu saa, au itumike tyubu iliyoongezewa sitreti yenye asidi, ambayo husimamisha mambo papo hapo. Kituo kisicho na hayo kiipe kijivu angalau kikasha chenye barafu. Au kituo kitenge seramu papo hapo kabla ya bodaboda kuondoka.

HbA1c, kile kipimo cha miezi mitatu, huenda kwenye zambarau na hakijali saa nne za barabarani. Waambie wakufanyie hicho pamoja.

Na kwa watoa huduma watakaosoma hili: kijivu kikishapima sukari, kisitumike kupima "na potasiamu kidogo". Oksaleti iliyomo ni ya potasiamu, nayo pia hukamata kalsiamu. Floraidi huidumaza yuriesi, kimeng'enya kinachotumiwa na vipimo vingi vya yurea, kwa hiyo yurea hutoka chini kuliko ilivyo.

SWALI: Pleteleti (chembe za kugandisha damu) 38, mgonjwa ni kijana mzima, hana hata doa la damu. Tumwekee damu?
Afisa wa kliniki, Kawangware

JIBU: Hapana, si kabla ya kuangalia filamu, yaani damu iliyotandazwa kwenye kioo, kwa darubini, hasa kwenye ukingo wake mwembamba. Kwa takriban mtu mmoja kati ya elfu moja, EDTA hufichua sehemu fulani ya ukuta wa pleteleti na kingamwili za mtu huyo huzishikanisha. Mashine inayaona mafungu kama chembe moja kubwa, au haiyahesabu kabisa. Kadiri sampuli inavyokaa ndivyo namba inavyoporomoka: 180 dakika ya tano, 90 baada ya saa moja, 38 jioni. Tofauti na mgonjwa wa kweli, ambaye namba yake haibadiliki hivyo.

Chukua damu mpya kwenye samawati, hesabu mapema, kisha zidisha jibu kwa 1.1 kwa sababu sitreti ya maji imeipunguza kwa sehemu moja ya kumi. Wachache hufungana hata kwenye sitreti. Hao wahesabiwe kwa damu iliyotolewa na kupimwa papo hapo. Lakini kwanza hakikisheni kwamba tyubu ya zambarau haina kidonge cha damu kilichoganda, kwa sababu tyubu isiyopinduliwa vizuri ndiyo sababu ya kawaida zaidi ya pleteleti za uongo kuliko hizo kingamwili. Ingiza kijiti kikavu, zungusha, angalia.

Mkigundua ni EDTA, andikeni kwenye faili yake kwa herufi kubwa. La sivyo atapimwa tena kituo kingine mwaka ujao na kukimbizwa kwenye kipimo cha uboho.

SWALI: Ndugu yangu anatumia lithiamu, na mpwa wetu fenitoini ya kifafa. Wote wawili walitolewa damu siku moja. Wa lithiamu akaambiwa imefika sumu, wa fenitoini akaambiwa hanywi dawa ilhali mimi ndiye ninayempa kwa mkono wangu.
Dada mlezi, South B

JIBU: Inawezekana hao wawili waliathiriwa na tyubu mbili tofauti, kila moja kwa upande wake.

Heparini ya tyubu nyingi za kijani ni chumvi ya lithiamu. Ukiipima lithiamu humo unaipima tyubu pamoja na mgonjwa, na nyongeza inaweza kuwa milimoli 1 hadi 4 kwa lita, kubwa zaidi tyubu isipojaa. Kiwango kinacholengwa kwa wengi ni karibu 0.6 hadi 1.0, na sumu huanza kuogopwa kuanzia 1.5. Kwa hiyo hata asiyemeza kidonge angeweza kuonekana amezidisha. Aulize ilitumika rangi gani. Kama ni kijani, arudie kwa nyekundu, saa 12 baada ya dozi yake ya mwisho, na asiache dawa kabla ya kuzungumza na daktari wake. Ila akiwa anatetemeka sana, anatapika au amechanganyikiwa, asisubiri marudio. Apelekwe hospitali hapohapo.

Mpwa naye huenda aliwekwa kwenye manjano. Jeli hunyonya dawa kadhaa zinazopenda mafuta, fenitoini ikiwemo. Damu ikiwa kidogo na ikikaa juu ya jeli siku nzima, kinachobaki kwenye seramu kinapungua vya kutosha kumfanya daktari aongeze dozi isiyohitajika. Nyekundu isiyo na jeli, seramu itengwe mapema, na muda wa dozi ya mwisho uandikwe kwenye fomu.

SWALI: Kwa nini tunaambiwa tusubiri nusu saa kabla ya kuzungusha manjano? Mapokezi wanatupigia kelele. Na kupindua mara nane kuna tofauti gani na kutikisa?
Mwanafunzi wa KMTC

JIBU: Manjano ya plastiki inahitaji dakika 30 ikiwa imesimama wima, nyekundu ya glasi isiyo na silika kama 60. Mgonjwa aliye kwenye heparini au warfarini huchelewa zaidi. Ukizungusha mapema, seramu inaonekana safi, kisha nyuzi za faibrini zinajitengeneza juu ya jeli ukiwa umegeuka. Sindano ya mashine inavuta uzi badala ya seramu. Inapata ujazo mdogo na jibu la chini, au uzi unanasa kemikali ya kipimo na troponini, alama ya moyo kuumia, inaruka juu kwa mtu asiye na tatizo la moyo. Mapokezi wakipiga kelele, waonyeshe saa ukutani. Au, kama kipimo kinaruhusu na haraka ni ya kweli, ombeni kijani: haisubiri kuganda. Mjue tu kwamba potasiamu ya plazma huwa chini ya ile ya seramu kwa takriban 0.1 hadi 0.4, kwa kuwa pleteleti humwaga potasiamu zinapoganda, na kwamba protini jumla ya plazma huwa juu kidogo kwa sababu faibrinojeni, protini ya kugandisha damu, bado imo. Kijani kisiende kwenye kipimo cha wingi wa virusi pia. Heparini huzuia kimeng'enya cha PCR, mbinu ya kunakili vinasaba vya virusi ili vihesabike, na mgonjwa anaweza kuonekana hana virusi.

Mashine ya kuzungusha: g 1,000 hadi 1,300 (g ni mara ngapi ya nguvu ya uvutano wa dunia) kwa dakika 10, au 15 kama kichwa chake ni cha pembe isiyobadilika. Hizo ni g, si mizunguko. Kwa nusu-kipenyo cha sentimita 15, mizunguko 2,800 kwa dakika inatoa karibu g 1,300. Jeli ikishapanda usiizungushe tyubu tena. Seramu iliyobaki chini, iliyokaa na chembe kwa saa kadhaa, hupenya juu na kuibeba potasiamu.

Kupindua ni kuigeuza tyubu juu chini na kuirudisha, mara moja hiyo. Samawati 3 hadi 4, nyekundu na manjano 5, kijani, zambarau na kijivu 8 hadi 10. Kutikisa kunapasua chembe.

SWALI: Tumenunua tyubu za bei nafuu za kampuni mpya. Tangu hapo T3 (homoni ya tezi ya shingo) za wagonjwa zimepanda, TSH (homoni inayoichochea tezi hiyo) hazijabadilika. Pia tumepewa katoni iliyopita muda miezi mitatu, bure. Tuzitumie za mafunzo au hata za kazi?
Msimamizi wa maabara, Githurai

JIBU: Za mafunzo, sawa. Za kazi, la. Vakyumu huvuja polepole kupitia kifuniko, na maji ya sitreti hupotea kupitia plastiki, hivyo uwiano wa 1 kwa 9 unaharibika bila rangi ya kifuniko kubadilika.

Hiyo T3 inavutia, na haijaanza kwenu. Lebo hutaja EDTA au jeli, lakini ndani kuna mengine: silikoni ya kufanya damu isishike ukutani, sabuni za kulainisha plastiki, vilainishi vya mpira. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, sabuni iliyopakwa ndani ya aina moja ya tyubu za jeli ilibainika kupandisha T3 kwenye mashine fulani ya kingamwili, kwa sababu iling'oa kingamwili zilizobandikwa kwenye shanga za kipimo. Mashine nyingine haikuguswa na tyubu zilezile. Miaka ya 1970, kilainishi cha mpira wa kifuniko kilikuwa kikizisukuma dawa kama propranololi kutoka kwenye protini na kuzifanya zionekane chini. Na mwaka 2017 Marekani ilitoa onyo kuhusu mashine za LeadCare za kupima madini ya risasi kwenye damu, zilizokuwa zikitoa majibu ya chini kwa damu ya mshipa. Uchunguzi ukaelekea kwenye kemikali za mpira wa vifuniko. Onyo hilo halikuhusu damu ya kidole.

Kwa hiyo pimeni. Wajitolea 20, kila mmoja atoe tyubu ya zamani na mpya kwa mdungo mmoja, mkibadilisha ipi itangulie. Pimeni zote siku hiyo hiyo, shehena moja ya kemikali. Angalieni tofauti ya kila jozi, si wastani pekee: T3 ikipanda kwa karibu wote, kwa kiasi kinachofanana, ni tyubu. Ikipanda kwa wawili tu, tafuteni kwingine. Jumuisheni pia wagonjwa wachache wenye T3 ya juu na ya chini, maana watu wenye afya pekee hawaonyeshi pembe zote. Barua ya matokeo kwa muuzaji iwe na namba za shehena. Mkiwa kwenye njia ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara, mkaguzi ataiomba karatasi hiyo hata kama tyubu hazina tatizo.

SWALI: Zinki ya mtoto imetoka mara mbili ya kawaida. Chupa ilikuwa nyekundu.
Mzazi, Lang'ata

JIBU: Mpira wa vifuniko vya kawaida una zinki, na damu ikilala imekigusa, hasa tyubu ikisafirishwa kwa ubavu, zinki inaingia. Ombeni irudiwe kwa tyubu ya buluu iliyokoza, iliyothibitishwa kwa madini haba, na isimame wima hadi ifike. Kwenye fomu andikeni "buluu iliyokoza" kwa ukamilifu. Ukiandika buluu tu, utapewa samawati yenye sitreti, inayozimua sampuli kwa sehemu moja ya kumi na kuleta jibu lingine lisilo la mtoto.